Kisti ya maini kwa wazee: si kila moja inaomba kupasuliwa

Kisti ya maini ni mfuko wenye maji unaota ndani ya ini, chini ya mbavu za kuume. Ile ya kawaida inaitwa kisti rahisi. Si kansa, haiambukizi, tena haitoki kwa karuho. Inaonekana zaidi kwa watu waliopita miaka 50, na wanawake wanaipata kupita wanaume. Mara nyingi mutu hasikii kitu: munganga anaikuta kwa ekografi wakati anatafuta ugonjwa mwingine.

Neno hilo kwenye karatasi ya ekografi linaweza kutia familia woga, mpaka watu waanze kuwaza kuuza ngombe ili muzee apasuliwe. Lakini kisti rahisi isiyoumiza haiombi dawa wala upasuaji, hata zikiwa mbili ao tatu.

Wakati gani kutibu

Kisti ikikomaa sana, wakati mwingine kupita sentimita 10, inasukuma tumbo la chakula na kufinya mapafu. Muzee anashiba upesi, anasikia uzito upande wa kuume, anatapika ao anahema kwa shida. Hapo ndipo matibabu yanaombwa. Hakuna kidonge wala miti ya kienyeji inayokausha maji hayo.

Kwanza kujua ni kisti gani

Kuna kisti nyingine inayoletwa na mnyoo wa imbwa, ekinokoki. Mutu anameza mayai yake kupitia mikono, mboga ao maji yaliyochafuliwa na mavi ya imbwa. Unajulikana sana kwa wafugaji wa Turkana, nchini Kenya. Kisti hiyo ikichomwa bila matayarisho na maji yake yakimwagika tumboni, mugonjwa anaweza kufa kwa mzio, ao mnyoo ukatawanyika. Ndiyo maana wanganga wanatoa kwanza albendazoli.

Homa kali pamoja na maumivu zinaweza kuonyesha jipu la ameba, ambalo linatibiwa kwa metronidazoli. Ekografi nzuri, vipimo vya damu, na skana ikipatikana, ndivyo vinatenganisha magonjwa haya.

Njia mbili za tundu ndogo

Ya kwanza ni shindano. Mugonjwa anakuwa macho, ni ngozi tu inatiwa ganzi. Munganga anafuata shindano kwa ekografi, ananyonya maji, kiisha anatia alkoli ya hospitali ili ikaushe ukuta wa kisti, na kuitoa tena. Kunyonya maji peke yake hakutoshi: karibu kila mara yanarudi. Na maji yakiwa na rangi ya nyongo, alkoli haitiwi, ju inaunguza mifereji ya nyongo. Kisti inapunguka polepole, kwa miezi.

Ya pili ni laparoskopi. Munganga anatoboa tundu 3 ao 4, za milimita 5 mpaka 12, anajaza tumbo gesi, anaingiza kamera na kukata kifuniko cha kisti. Vidonda ni vidogo, muzee anaumia kidogo na anatembea mapema. Hiyo inamkinga na damu kuganda miguuni na maambukizi ya mapafu. Lakini anapaswa kulazwa usingizi kabisa, na gesi inasukuma mapafu na moyo. Muzee mwenye moyo dhaifu anaweza kufaa zaidi kwa shindano.

Laparoskopi si ngeni mashariki mwa Kongo. Huko Bukavu, katika hospitali ya Panzi, Guy-Bernard Cadière wa Bruxelles aliitumia pamoja na Denis Mukwege kutibu wanawake waliojeruhiwa.

Maswali ya kuuliza munganga

Ni kisti rahisi, ao ya mnyoo? Maumivu haya yanatoka kwayo kweli? Moyo, tansio na sukari vimepimwa? Njia gani inamfaa muzee huyu, na bei yote ni ngapi? Mutaje pia dawa zote anazokunywa, sana sana aspirini na zile za kufanya damu iwe nyepesi.

Muzee mwenye kisti akipata homa na kutetemeka, macho ya manjano, ao maumivu makali ya gafula, msingoje kesho: mumufikishe hospitali siku ileile.