Juni 10 katika historia ya Bomet na Kericho

Juni 10 ni tarehe ya ajali mbili za ndege zilizoua mawaziri nchini Kenya, ya mwaka 2008 na ya mwaka 2012. Ile ya kwanza iliigusa moja kwa moja nchi ya majani chai.

Jumanne, Juni 10, 2008, ndege ndogo aina ya Cessna iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Kericho. Ndani yake walikuwamo Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Ilianguka Enoosupukia, Narok, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Kesho yake wapigakura wa Ainamoi, Kericho, walikuwa wamchague mrithi wa David Kimutai Too, mbunge aliyepigwa risasi na kuuawa Eldoret Januari 31. Kwa hiyo msiba uliangukia eneo ambalo bado lilikuwa na jeraha bichi.

Septemba mwaka huohuo viti vilivyobaki wazi vilichukuliwa na watu wa nyumba zilezile: Beatrice Kones, mjane wa waziri, na Joyce Laboso, dada wa Lorna, ambaye mwaka 2017 alichaguliwa gavana wa Bomet.

Jumapili, Juni 10, 2012, helikopta ya polisi iliyotoka Wilson kwenda Ndhiwa ilianguka Ngong. Waziri George Saitoti, msaidizi wake Orwa Ojode na wengine wanne walifariki.