Mto Ruzizi: njia yake, mabwawa yake, na sisi tunaoishi kando yake

Wengi wetu tunavuka Ruzizi au tunatumia umeme wake kila siku. Ni mto mfupi, wenye urefu wa kilomita 117 hivi, lakini unaunganisha maziwa mawili makubwa na nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwanzo wake

Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, pale Bukavu inapotazamana na Cyangugu. Ndiyo njia pekee ambayo maji ya Kivu hutokea. Zamani za kale haikuwa hivyo: maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia hiyo, ziwa likajaa, na maji yakapata mlango kusini. Tangu hapo maji ya Kivu huingia Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, hufika Lualaba, na mwisho huenda baharini pamoja na mto Kongo.

Mteremko na mabwawa

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Tanganyika karibu mita 770. Basi mto unashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko juu ya Kamanyola, katika makorongo membamba. Ndiyo sababu mabwawa ya umeme yalijengwa huko.

Bwawa la Ruzizi I liko Mururu, karibu na mlango wa ziwa. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II liko chini yake, upande wa Mumosho. Lilianza kazi mwaka 1989, chini ya shirika la SINELAC, ambalo ni mali ya nchi zote tatu. Ruzizi III, linalopangwa chini zaidi, linatarajiwa kutoa megawati 206. Tusichanganye majina: mipaka ya Bukavu inayoitwa Ruzizi ya Kwanza na Ruzizi ya Pili ni mahali pa kuvukia, si mabwawa yenyewe.

Mabwawa haya hayana hifadhi kubwa ya maji. Ziwa Kivu lenyewe ndilo tangi lao. Kinachotiririka kutoka ziwani ndicho kinachozungusha mashine.

Bonde na mdomo

Kuanzia Kamanyola mto unaingia tambarare. Unapokea Ruhwa, unaotenga Rwanda na Burundi, kisha unakuwa mpaka wa Kongo na Burundi. Upande wetu kuna Luvungi, Luberizi, Sange na Kiliba, penye mashamba ya mpunga, mihogo na miwa. Mwisho wake, mto uko ndani ya Burundi kabisa. Karibu na Gatumba unagawanyika, unapita kwenye matete yenye viboko na mamba, na kuingia Tanganyika. Ziwa hilo linapopanda, kama mwaka 2021 na 2024, nyumba za Gatumba na za upande wa Uvira hufunikwa na maji.

Kinachotuhusu

Kila mvua ikinyesha, mifereji ya miji ya kando ya Kivu husomba chupa, mifuko na takataka mpaka ziwani. Maji huzipeleka kwenye mlango wa Ruzizi, na zinakwama mbele ya mashine za umeme. Udongo wa milima iliyokatwa miti nao hushuka na kujaza mabwawa. Wafanyakazi wanaondoa uchafu huo mara kwa mara, na mashine zikisimama, umeme unakatika Bukavu, Uvira na ng'ambo pia.

Kwa hiyo chupa iliyotupwa kwenye mtaro wa Kadutu si mambo ya Kadutu tu. Jirani aliye chini ya mto, hata wa nchi nyingine, anaipokea. Tunaomba kila parokia ya kandokando ya ziwa na mto izungumze jambo hili: wapi takataka za ibada na za sherehe zetu zinaishia, nani anasafisha mtaro ulio mbele ya kanisa, na ni kilima gani tunaweza kupanda miti mvua zikianza. Kumpenda jirani kunafika mpaka kwenye maji tunayomtelemshia.