Keratinosaiti katika soriasisi

Keratinosaiti ni seli zinazounda takriban asilimia 90 ya epidemisi, yaani tabaka la juu la ngozi. Katika soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi usioambukiza, seli hizi huchochea ugonjwa pamoja na kuumizwa nao.

Utendaji. Kwa kawaida keratinosaiti huzaliwa chini ya epidemisi na kufika juu baada ya takriban mwezi 1. Kwa mgonjwa huchukua siku chache tu. Hufika hazijakomaa, nyingi zikiwa bado na kiini, na kurundikana kuwa magamba. Zikijeruhiwa, hutoa protini iitwayo LL-37, inayoamsha seli za kinga ikishikana na DNA ya seli zilizokufa. Seli T, ambazo ni aina ya seli za kinga, nazo hutoa protini za kupeleka ishara ziitwazo IL-17 na IL-22. Keratinosaiti hujibu kwa kuzaliana upesi na kuita seli za kinga zaidi.

Dalili. Viwiko, magoti na ngozi ya kichwa huathirika zaidi. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, yenye magamba ya kijivu, hivyo hudhaniwa kuwa fangasi. Klorokwini, dawa ya malaria, inaweza kuuzidisha ugonjwa huu.

Tiba. Hutumika krimu za steroidi na za vitamini D, mwanga wa urujuanimno na dawa iitwayo methotreksati. Hakuna tiba ya kuuondoa ugonjwa huu kabisa. Kwa upande wa huduma, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimewafunza wataalamu wa Afrika tangu 1992. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi.