Kinga ya awali na homa ya kidingapopo

Kinga ya awali katika homa ya kidingapopo (pia: homa ya dengue) ni kinga inayobaki mwilini baada ya mtu kuambukizwa virusi vya ugonjwa huo mara ya kwanza. Kwa magonjwa mengi kinga ya namna hii ni msaada, lakini katika kidingapopo inaweza kuyafanya maambukizi ya pili yawe makali kuliko ya kwanza.

Jinsi inavyotokea

Virusi vya kidingapopo viko vya aina 4 (DENV-1 hadi DENV-4). Huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana. Aliyepona aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini dhidi ya aina nyingine hulindwa kwa muda mfupi tu. Akiambukizwa aina nyingine baadaye, kingamwili za zamani zinaweza kushikamana na virusi vipya bila kuviangamiza. Badala yake huvisaidia kuingia katika seli nyeupe za damu, ambamo huzaliana kwa wingi. Mgonjwa anaweza kuvuja maji ya damu kutoka mishipani, kutokwa na damu na kushuka shinikizo la damu. Hata hivyo, wengi wanaoambukizwa mara ya pili hupona bila kufikia hali hiyo.

Tanzania na Morogoro

Jijini Dar es Salaam mlipuko wa mwaka 2014 ulisababishwa na DENV-2, na ule wa 2019 hasa na DENV-1. Kwa hiyo aliyeugua mwaka 2014 hakuwa salama mwaka 2019. Mlipuko huo wa pili ulifika pia mikoa mingine, ikiwemo Tanga na Morogoro.

Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Joto lake, pamoja na maji yanayotuama katika matairi, ndoo na makopo, humfaa mbu huyo. Baridi ya vijiji vya juu haimfai sana, lakini wakazi wanaoshuka mjini kuuza mboga na matunda wanaweza kuambukizwa huko.

Chanjo

Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi kwa chanjo ya Dengvaxia. Mwishoni mwa 2017 mtengenezaji alitangaza kuwa watoto ambao hawakuwahi kuambukizwa kabla ya chanjo walikuwa katika hatari zaidi ya kuugua vikali baadaye. Kwao chanjo ilifanya kazi kama maambukizi ya kwanza. Mpango huo ukasitishwa. Ndiyo maana chanjo bora ya kidingapopo inatakiwa kukinga dhidi ya aina zote 4 kwa pamoja.

Tahadhari

Si kila homa ni malaria, kipimo kinahitajika. Aliyewahi kuugua kidingapopo amweleze daktari. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa na damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au kutokwa na damu ni dalili za hatari, na mara nyingi hujitokeza homa inapoanza kushuka, wakati ndugu wanapodhani mgonjwa amepona.