Landrover ya babu

Najua nimepotea. Likizo yote nilikuwa nyumbani Bariadi, bando shida, kazi za shamba ndiyo usiseme. Leo nalipa deni. Wenzangu wa Elimu mnaosoma Historia vumilieni, maana habari yenyewe ni ya gari bovu.

Babu ana Land Rover 109 ya petroli, Series III. Aliinunua mnadani zamani ikiwa imeshachoka, akaibebesha pamba, wagonjwa na maharusi wa kijiji kizima. Sasa imekaa chini ya mwembe. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja akataja milioni moja na laki mbili, baba akakubali papo hapo. Na niseme ukweli: sehemu ya hela hiyo ilikuwa iende kwenye ada yangu. Kwa hiyo msije mkadhani nilianza hii safari kama mtetezi wa mambo ya kale.

Mashtaka yalikuwa mengi. Inavuja oili kila upande, inamisi, ikisimama inatetemeka mpaka vioo vinalia, na klachi inateleza. Baba akasema injini imekufa. Babu akauliza, "Nani kaifungua?" Kimya. Basi akaomba siku tatu na fundi wake wa zamani, mzee mwenzake, na mimi nikapewa kazi ya kushika tochi.

Kidogo historia. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha bodi ni cha mgao, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu, na ndiyo maana ya babu haijaoza pamoja na mvua zote zile. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Sasa pangeni miaka hiyo na ya kwetu: bei ya mafuta ilipaa 1973, vyama vya ushirika (vile vilivyokua toka enzi za kina Paul Bomani na Victoria Federation ya 1955) vikavunjwa 1976, Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, maduka yakawa matupu. Gari lilikuwepo, pamba ilikuwepo, spea hakuna.

Haya nilikuwa nayajua darasani. Kumbe yako kwenye gasketi.

Fundi alianza kwa kuosha injini yote kwa mafuta ya taa na sabuni. Nikashangaa, tunatafuta uchafu halafu tunaufuta? Akasema oili hutiririka chini na upepo huirudisha nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea siyo pale inapotokea. Osha, kausha, washa, halafu tafuta unyevu wa kwanza ulio juu kabisa. Tukatandika katoni chini tukasubiri. Unyevu wa kwanza ukaonekana kwenye tapeti kava.

Alipoifungua nilikuta tabaka tatu, kama Olduvai vile. Juu silikoni nyekundu ya dukani, ya juzijuzi. Katikati karatasi ngumu iliyokatwa kwa mkono. Chini kabisa mabaki ya koki, yale yaliyokuja na injini. Ile ya katikati babu aliitambua mara moja: alikata mwenyewe kwa mkasi wa bibi kutoka katoni ya sabuni, "mwaka wa Sokoine." Ni 1983 hiyo, msako wa wahujumu uchumi. Sabuni yenyewe ilikuwa haipatikani, akaipata katoni! Nikamuuliza aliipata wapi. Hakujibu, akacheka tu.

Fundi hakuridhika lakini. Injini ikivuja kila mahali kwa wakati mmoja, akasema, usilaumu sili zote, tazama kwanza kama inapumua. Ule mfuniko wa kujazia oili una wavu ndani wa kutolea hewa. Ulikuwa umeziba ngumu kama udongo wa mbuga. Hewa ikikosa pa kutokea inasukuma oili popote penye upenyo. Kuusafisha kwa petroli ilichukua dakika kumi.

Halafu likaja lililonipendeza kuliko yote. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu dogo, na kuna kizibo chake cha nyuzi. Ukitaka kuvuka mto unakifunga maji yasiingie kwenye klachi, ukishavuka unakitoa, ili oili ikivuja kwenye sili ya nyuma ya krankshafti idondoke nje uione. Sisi wote tulikuwa tunajisifu kwamba hapo angalau hapavuji. Fundi akafungua kizibo, oili ikamwagika karibu nusu lita! Kilifungwa siku ya kuvuka mto masika fulani, kabla ya lami ya Lamadi, hakikufunguliwa tena. Oili ikawa inaogesha klachi. Ndiyo maana ilikuwa inateleza. Yaani pale pakavu ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Siku ya pili, kumisi. Injini ikiwa inanguruma fundi alichomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa waya na mlio ukabadilika, silinda hiyo inafanya kazi. Ya tatu haikubadilika kitu. Plagi ikahamishwa kwenda silinda nyingine, bado ni ya tatu. Akanipa hendeli nizungushe kwa mkono: migumu mitatu, mmoja laini. Silinda inapumulia nje, maana yake valvu haifungi.

Hapo mwalimu mtarajiwa nikapata jukwaa. Nikawaeleza kwamba mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuongeza risasi kwenye petroli, ikaanza kuuzwa 1923. Kwamba risasi ile ilikuwa sumu kwa watoto ila ililinda viti vya valvu za injini za zamani. Kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 ikawa imetoka (Algeria ndiyo ilimalizia, 2021). Kwa hiyo valvu imezama, nikahitimisha. Nilijisikia vizuri sana.

Fundi akaingiza fila geji. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi hata ya unywele, inatakiwa milimita 0.25. Nyingine tatu za moshi zilikuwa karibu na sawa. "Mwalimu," akasema, "kama ni mafuta, mbona hizi tatu zilikunywa mafuta yaleyale?" Kisha akamgeukia babu, "Mara ya mwisho tapeti zilipimwa lini?" Babu akasema, "Huyu alikuwa hajazaliwa." Basi. Sikuwa na la kuongeza. Nadharia yangu ilikuwa ya kweli yote, ila haikuhusu gari lile.

Siku ya tatu ilikuwa ya kabureta, Zenith, ambayo uso wake wa juu hupinda ikavuta hewa ya wizi. Alibandika msasa juu ya kioo akausugua mpaka ukalala sawasawa. Tukawasha. Vioo vikanyamaza.

Tulienda mpaka Dutwa na kurudi, babu kakaa mbele na kofia yake, anasalimia hata wasiomjua. Klachi bado inateleza kidogo penye mwinuko, na sili ya nyuma inadondosha, maana kuibadilisha lazima giaboksi ishuke na hela hiyo haipo. Lakini sasa inadondosha nje.

Mnunuzi alirudi siku moja kabla sijasafiri. Baba alimtazama babu, babu akanitazama mimi. Nikasema ada nitaongea na wahasibu nilipe kwa awamu. Nimeongea nao jana, wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Jamani anayehitaji kuchapiwa kazi zake, niko blok ileile, bei maelewano. Kesho nina semina saa moja na nusu, ngoja nilale. Alamsiki.