Itaingia, Lakini Haitakimbia

Fundi aliyeniuzia kadi pale Luthuli aliigeuza mara mbili, akatazama picha ya bodi yangu kwenye simu, kisha akasema, "Hii itaingia, kijana wangu, lakini haitakimbia."

Ilikuwa kadi ya kusimamia diski nane, imetolewa kwenye seva ya mtumba. Imeundwa kutumia njia 8 za data kwa pamoja. Bodi yangu ilikuwa na sloti mbili ndefu. Ya kwanza, yenye njia zote, ilikuwa imekaliwa na kadi ya skrini. Ya pili ni ndefu vilevile, lakini ndani imeunganishwa njia 1 tu. Nikalipa, nikaenda nayo nyumbani.

Sikuwa na muda wa kuchagua. Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, yeye peke yake hakuniuliza, "Sasa utafanya nini?" Alinipa masanduku ya negativu zake na kazi ya kuziskani, akawa ananilipa kidogo kidogo. Msimu wa mvua uliofuata paa la stoo likavuja. Masanduku mengi yakaoza. Harusi, vitambulisho, watoto wa siku arobaini, vyote vikabaki kwenye diski zangu tu.

Nilichomeka kadi, nikawasha, diski nane zikaonekana zote. Nilishangaa kidogo. Kwa nini kitu kilichoundwa kwa njia 8 kikubali kufanya kazi kwa 1? Nilidhani ni bahati. Kumbe hapo katikati kulikuwa na vita.

IBM ilipozindua PC yake Agosti 12, 1981, iliweka sloti tano ndani na kuchapisha kitabu chenye michoro ya saketi. Kampuni nyingine zikaanza kutengeneza kadi zao, na baadaye kompyuta zao. Mwaka 1984 ilipotoa PC AT, IBM haikung'oa sloti ya zamani. Iliongeza kipande kingine mbele yake, kwa hiyo kadi nyingi za biti 8 ziliendelea kukaa vizuri kwenye sloti mpya ya biti 16.

Halafu 1987 IBM ikabadilisha mambo. Kompyuta za PS/2 zilikuja na sloti iliyoitwa Micro Channel. Ilikuwa na kasi zaidi, na kusema ukweli ilikuwa nadhifu kuliko ya kwanza. Lakini kadi za zamani hazikuingia kabisa, na kampuni iliyotaka kuiga ilipaswa kulipa. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikajibu kwa sloti yao, EISA. Ujanja wake ulikuwa kwenye kina: kadi ya zamani ilishuka hadi ngazi ya juu ikasimama hapo, kadi mpya ikashuka zaidi. EISA yenyewe haikuenea sana nje ya seva. Lakini Micro Channel nayo haikushinda, na hatimaye IBM ikaiacha.

Mwaka huohuo wa 1988, watafiti watatu wa Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala kuhusu RAID. Hoja yao ilikuwa rahisi: badala ya diski moja kubwa ya bei kali, unganisha nyingi za bei nafuu, na panga data ili moja ikifa zilizobaki ziweze kuijenga upya. Kadi yangu ni mjukuu wa wazo hilo.

PCI ya Intel ikaja 1992. PCI Express ikafuata na kanuni zake mwaka 2003, na hapa ndipo jibu langu lilipokuwa. Kompyuta ikiwashwa, kadi na sloti huulizana: una njia ngapi, unaenda kasi gani? Wanakubaliana kwa kiwango ambacho wote wawili wanakiweza. Na kanuni zinasema kila kadi, hata iwe pana vipi, lazima iweze kufanya kazi kwa njia 1. Haikuwa bahati. Kuna watu walikaa wakaiandika.

Basi nikatulia. Kadi yangu ni ya kizazi cha pili, ambapo njia moja ina megabaiti 500 kwa sekunde kwenye karatasi, tuseme 400 mkononi. Waya wa mtandao nyumbani haupitishi zaidi ya 125. Miezi ikapita, mjomba anafungua picha kwenye laptopu yake, hakuna anayehisi chochote.

Usiku mmoja diski moja ikaanza kukwaruza, kisha ikanyamaza. Nikaweka nyingine, mfumo ukaanza kuijenga. Ili kufanya hivyo lazima usome diski saba zilizobaki kwa wakati mmoja, mwanzo hadi mwisho. Megabaiti 400 ukigawa kwa saba unapata 57 kila moja. Diski ni za terabaiti 2. Piga hesabu: karibu saa 10. Kwenye sloti pana ingekuwa saa nne na kitu.

Saa 10, stima ya mtaa wetu unaijua, na UPS yangu inashika dakika kumi na tano. Diski nyingine zote zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zina umri sawa. Ya pili ikienda, picha zote zimeenda. Nilikaa kitini nikitazama asilimia zikipanda. Wakati huo ndipo nilipoelewa fundi alichomaanisha. Siku za kawaida hulipi chochote kwa ule mwendo wa pole. Deni linaitishwa lote siku kitu kimeharibika.

Ilimalizika asubuhi. Nilizima mashine, nikafungua, nikatazama tena zile sloti mbili. Kadi ya skrini, ambayo kazi yake kwangu ni kuonyesha maandishi meupe tu, ndiyo ilikuwa imekalia njia zote. Hata yenyewe kanuni inaibana: lazima ikubali njia 1. Nikazibadilishana. Dakika tano, bila shilingi.

Wiki iliyofuata nikanakili picha zote kwenye diski ya pembeni, nikaipeleka kwa mama, kwa sababu RAID haikukingi na moto wala mwizi. Mjomba hajui habari ya usiku ule. Aliuliza tu kama harusi moja ya 1994 bado ipo, mteja ameitafuta. Nikamtumia.