Njaa Zetu Zina Majina

Mhariri alitaka picha ya susu akiwa amekaa kando ya ghala tupu. Ilikuwa mwisho wa 2022, mvua imekosa msimu baada ya msimu, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya kuandika kuhusu "wakimbizi wa tabianchi" wa Kathonzweni. Shida ni kwamba ghala halikuwa tupu. Lilikuwa na gunia moja na nusu la ndengu ambazo susu alikataa kuuza, mbaazi kidogo, na baiskeli ya binamu yangu. Nikamwambia mhariri hivyo. Akaniuliza kama siwezi kupiga kutoka upande mwingine.

Hilo neno "wakimbizi" lilipata nguvu hapa hapa kwetu. Mwaka 1985 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, lilichapisha ripoti ya Essam El-Hinnawi kuhusu watu aliowaita wakimbizi wa mazingira. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1984, Michael Buerk wa BBC alikuwa ameionyesha dunia njaa ya Korem, Ethiopia. Tangu hapo ukame wa Afrika una sura moja tu kwenye televisheni: udongo uliopasuka, mama, mtoto, nzi.

Mwaka huo huo wa 1984 Ukambani pia kulikauka. Wazee waliipa njaa ile jina: Nikw'a ngwete, yaani nakufa huku nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na mahindi hayakuwepo sokoni. Sijawahi kuandika kichwa cha habari kizuri kama hicho. Kinakupeleka moja kwa moja dukani, kwa bei, kwa serikali, kwa mwenye lori. Njaa ya 1961 inaitwa Ndeke, kwa sababu ya ndege zilizoangusha chakula. Ile ya 1898 na 1899, iliyokuja wakati ng'ombe walikuwa wameshamalizwa na sotoka, ni Ngomanisye, iliyoingia kila mahali. Ukisikia jina, unajua ni lipi lililowauma watu.

Sasa turudi kwa uhamaji, maana hapo ndipo kamera hudanganya zaidi.

Susu hakuzaliwa Kathonzweni. Aliletwa mgongoni kutoka Mbooni akiwa mtoto. Ukisoma maandishi ya wakoloni wa miaka ya 1930, utaambiwa ni kwa nini watu kama wazazi wake walihama: Wakamba wana ng'ombe wengi mno, wameharibu udongo wao wenyewe, milima inageuka jangwa. Picha zilipigwa mwaka 1937 kuthibitisha. Na mmomonyoko ulikuwepo, siwezi kukana. Lakini picha haikuonyesha mipaka. Vilima vya Mua vilikuwa vimekwenda kwa walowezi, nyanda za Yatta zilikuwa zimefungwa, na watu na mifugo wamebanwa katikati. Ardhi ilikuwa inachoka ndani ya ua uliojengwa na mtu mwingine.

Na picha ina kazi yake. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe ili "kuokoa udongo", na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa ndio kimefunguliwa Athi River, sadfa nzuri sana. Muindi Mbingu akaongoza zaidi ya watu elfu moja hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Serikali nayo ikalegeza.

Makueni ilikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1940, kama mradi wa makazi: msitu wa mbung'o ukafyekwa, familia zikapewa mashamba na masharti ya idadi ya mifugo. Wengi walisita mwanzoni. Baada ya uhuru watu walimiminika wenyewe, bila mradi wa mtu. Wakachimba matuta ya fanya juu kwa mwethya, kijiji kizima na majembe.

Mwaka 1991 watafiti walirudi kwenye vilima vile vilivyopigwa picha 1937. Watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka karibu 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na vilima vilikuwa na miti mingi zaidi na matuta kila mahali. Kitabu kilichotoka 1994 kinajulikana sana vyuoni. Kwenye habari za saa moja, sijawahi kukisikia kikitajwa.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda, nikahamia Nairobi. Msimu ule ndengu zilikauka, ni kweli. Lakini msimu wa kabla yake zilijaa, na madalali wakazichukua kwa bei ya kutupa. Sasa mimi ni mkimbizi wa nini? Nikw'a ngwete ingenifaa, ila sikuwa nimeshika kitu.

Habari yangu ilitoka. Nusu ya maneno ilikatwa, na badala ya susu waliweka picha ya udongo mweusi uliopasuka vipande vipande. Udongo wa kwetu ni mwekundu, wenye mchanga. Binamu alimwonyesha susu kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akaisogeza karibu na macho.

"Hili lilikuwa bwawa," akasema. "La nani?"